Je, Wajua? Majibu ya Damu Husafiri kwa Vijiti

Je, wajua kwamba karatasi unayopewa maabara umpelekee daktari ingeweza kufika kabla hujainuka kwenye benchi? Shangazi yangu alipewa yake katika hospitali moja yenye kompyuta kila chumba. Tukaanza kutafuta mlango namba 14.

Lugha ambayo kompyuta za mapokezi, maabara, famasi na wodi husemeshana kwayo inaitwa HL7. Ilianza Marekani mwaka 1987. Hiyo 7 ni tabaka la saba, la juu kabisa, katika mfano wa mawasiliano ya kompyuta uitwao OSI.

Ukiufungua ujumbe wake, hauna urembo wowote. Ni herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa vijiti vilivyosimama:

OBX|1|NM|718-7^Hemoglobin^LN||7.1|g/dL|12-16|L|||F

Soma taratibu. Kipimo ni wingi wa damu, kimetoka 7.1, kizio chake ni gramu kwa desilita, kawaida ni 12 hadi 16, na L inasema kiko chini. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia sana: F ni jibu kamili. Ingekuwa P, ni jibu la awali, maabara hawajamaliza. Ikija C, ujue lile la kwanza lilikosewa na hili limelisahihisha.

Na 718-7? Maabara moja huandika Hb, nyingine HGB, ya tatu hemoglobini. Mtu anaelewa, kompyuta haielewi. Kwa hiyo mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief, huko Indianapolis, ilianza kuvipa vipimo namba, orodha iitwayo LOINC. Tarakimu iliyo baada ya kistari ni ya ulinzi: karani akikosea kuandika namba, hesabu haikubali.

Je, wajua sukari ya 5.5 na sukari ya 99 ni ileile? Ya kwanza ni kwa milimoli kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita; unazidisha kwa 18. Idara mbili zikitumiana namba bila kipimo chake, mtu mzima wa afya ataonekana kama maiti. Binafsi naona namba isiyo na kipimo ni uvumi tu.

Majina yetu nayo ni kasheshe. HL7 hutanguliza jina la ukoo: Hamisi^Asha^Juma. Mapokezi wakiandika hivyo, famasi wakamwita Asha Juma, tayari kuna wagonjwa wawili wanaotumia mwili mmoja. Upo ujumbe maalumu wa kuunganisha mafaili ya namna hiyo, A40.

Je, wajua mzee anayejua mwaka wake tu wa kuzaliwa anaruhusiwa? Kiwango cha HL7 kinakubali 1948 peke yake. Programu nyingi ndizo hulazimisha siku na mwezi, karani akajaza Januari mosi. Wazee wetu wangapi wana sherehe siku hiyo!

Picha za eksirei na CT zina lugha yake, DICOM. Toleo la kwanza lilitoka 1985 kwa jina jingine. Jina hili lilikuja 1993. Jina la mgonjwa hukaa ndani ya faili lenyewe, pamoja na picha. Kwa hiyo ukibadilisha jina la faili kabla ya kumtumia rafiki, hujaficha kitu.

Hospitali inaweza pia kujitungia mistari yake, mradi ianze na herufi Z. Hapo ndipo mafundi huota mvi, maana Z ya hospitali hii jirani haijui.

Hapa kwetu? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi iliyofuata huko Eldoret ilizaa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure, kwa mkono wa Regenstrief walewale wa LOINC.

FHIR, ndugu mdogo wa HL7, hutamkwa “faya”, kama moto. Ilianzishwa 2011 na Grahame Grieve wa Australia, na huzungumza kwa njia zilezile za tovuti na programu za simu.

Je, wajua ujumbe wa HL7 kwa kawaida husubiri kuitikiwa? Anayepokea hujibu AA: nimeupata, nimeukubali. AE: una kosa. AR: nimeukataa. Jibu lisiporudi, mtumaji hukaa nao foleni na kuutuma tena, hata kama umeme ulikatika.

Karatasi ya shangazi ilitupotea, haikujibiwa AA wala AE. Tuliipata saa tisa alasiri. Alikuwa ameikalia.