Tusimtie Aibu Mgonjwa wa Akili

Mtu akiugua malaria tunampeleka hospitali upesi. Akiugua akili, mara nyingi tunamficha chumba cha nyuma. Mwezi huu tuitazame hofu hiyo kwa njia ya filamu ya Marekani, One Flew Over the Cuckoo's Nest, iliyotoka mwaka 1975 na kupata tuzo 5 za Oscar.

Ilipigwa ndani ya hospitali ya kweli ya magonjwa ya akili mjini Salem, jimbo la Oregon. Mkuu wa hospitali hiyo, Dk. Dean Brooks, aliigiza kama daktari. Inamhusu McMurphy, mfungwa aliyejifanya mgonjwa ili akwepe kazi za kifungo. Wodini anamkuta Muuguzi Ratched, mama mtulivu asiyepaza sauti, lakini anayetawala kwa kuwatia wagonjwa aibu.

McMurphy anapigwa umeme kichwani akiwa macho. Mwishowe anapasuliwa ubongo, akabaki kama gogo. Mtu akiona hayo ataogopa hospitali. Lakini tuseme ukweli: upasuaji wa namna hiyo ulienea miaka ya 1940, ukapungua sana baada ya dawa kupatikana miaka ya 1950. Matibabu ya umeme yangalipo, na huwasaidia hasa wenye sonona kali. Ila utaratibu unaotakiwa leo ni mgonjwa apewe kwanza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli.

Jambo moja halijapitwa na wakati. Kijana Billy ana kigugumizi. Asubuhi moja anasema bila kukwama, kwa furaha. Muuguzi anamtishia kwamba atamwambia mama yake alilofanya usiku. Kigugumizi kinarudi papo hapo, na kijana anajiua.

Basi, sisi nyumbani tufanye nini?

1. Tusimwite mgonjwa kichaa, wala tusimfunge kamba.

2. Tumpeleke hospitali mapema. Akipata nafuu, asiache dawa bila shauri la daktari.

3. Akisema amechoka kuishi, tusimkemee. Tumwulize wazi kama anafikiri kujiua, tusimwache peke yake, tuondoe sumu na dawa karibu naye, tumpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo.

Billy hakukosa wodi wala muuguzi. Alikosa mtu wa kumsitiri. Hilo kila familia yaweza kulitoa, tena bila gharama.