Kikao cha Mtoto Hakikamiliki Bila Mzazi

Wengi wetu tuliokulia Chimala, Igurusi, Makambako na Iringa tulizoea kuona kikao cha wazazi kama mahali pa kusikiliza. Mwalimu Mkuu anasoma taarifa, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule anaeleza michango, wazazi wawili watatu wanauliza, kisha watu wanarudi shambani. Kumheshimu mwalimu ni malezi mema. Ila kwa mtoto asiyesikia vizuri, mwenye uoni hafifu, mwenye usonji au anayepata shida kubwa ya kusoma, heshima hiyo ikigeuka kuwa ukimya, anayeumia ni yeye. Msaada wake unapangwa, unapunguzwa au unafutwa kwenye vikao, na mzazi asiyesema huwaachia wengine wamsemee mtoto wasiyemjua usiku na mchana.

Makala haya yanawalenga wenzetu wenye watoto shuleni ughaibuni, pamoja na wale wanaosomesha watoto wa ndugu zao huko nyumbani.

Taratibu za England

Tuanze na Uingereza, ambako Scotland na Wales zina taratibu zao. Kwa England, msingi ni Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014. Mtoto mwenye mahitaji makubwa huandikiwa na halmashauri mpango unaojumuisha elimu, afya na huduma za jamii, ambao wazazi wengi huuita EHCP. Mpango huo unaweza kuendelea hadi kijana afikishe miaka 25, na ni lazima upitiwe upya angalau mara moja kila miezi 12. Mtoto anayesaidiwa shuleni bila kuwa na mpango huo hajaachwa nje: mwongozo wa serikali unaitaka shule ikutane na wazazi wake angalau mara 3 kwa mwaka.

Mzazi azijue tarehe. Wiki 2 kabla ya kikao cha kuupitia mpango, unapaswa kuwa umepata taarifa za walimu na wataalamu. Zisipofika, ziombe kwa maandishi, maana huwezi kujibu karatasi unayoiona kwa mara ya kwanza mezani. Baada ya kikao, ripoti iandikwe na kutumwa ndani ya wiki 2. Ndani ya wiki 4 tangu siku ya kikao, halmashauri ikuambie kama mpango unabaki ulivyo, unabadilishwa au unafutwa. Ikiubadilisha, inakutumia mapendekezo yake na kukupa angalau siku 15 za kutoa maoni, na mpango mpya uwe umetoka ndani ya wiki 12 tangu kikao. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa. Muda wa kawaida ni miezi 2 tangu tarehe ya barua ya uamuzi, na mara nyingi utatakiwa kwanza kupata cheti cha usuluhishi. Kwa hiyo barua ya halmashauri isikae kabatini bila kusomwa.

Soma B, kisha soma F

Mpango umegawanywa katika sehemu zenye herufi A hadi K. A ina maoni ya mtoto na mzazi, B inataja mahitaji, F inataja msaada wa kielimu, na I inataja shule. Chukua kalamu, upitie kila hitaji lililoandikwa B, kisha utafute msaada wake katika F. Hitaji lisilo na msaada ndilo swali lako la kwanza kikaoni.

Angalia pia maneno yenyewe. Sentensi inayosema mtoto “atapata msaada wa usemi inapobidi” haimbani mtu yeyote. Sentensi inayosema mtaalamu wa usemi atakaa naye dakika 45 kila wiki katika muhula inaweza kuhesabiwa, na isipotekelezwa una la kudai. Uliza nani atatoa msaada, mara ngapi na kwa muda gani.

Unachokijua wewe

Mwalimu anamjua mtoto akiwa darasani. Wewe unajua anavyolala, anachokiogopa, anavyolia akivalishwa sare, na yale anayoyaweza nyumbani ambayo shuleni hayajaonekana. Yaandike katika ukurasa mmoja, uyatume kabla ya kikao, na uombe yaingizwe kwenye kumbukumbu. Mtoto naye aseme kwa njia anayoiweza: kwa mdomo, kwa michoro au kwa picha.

Usisahau suala la lugha. Sheria ya 2014 inasema wazi kwamba mtoto hahesabiwi kuwa na tatizo la kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani si ile ya darasani. Basi waeleze walimu kama mtoto anasikia Kiswahili, Kisangu au Kinyakyusa, na anavyoongea kila mojawapo. Akiwa anasimulia vizuri kwa Kiswahili, huenda anahitaji muda wa kujifunza Kiingereza. Akiwa anapata shida hata kwa Kiswahili, huo ni ushahidi mzito ambao mwalimu hawezi kuupata bila wewe.

Kiingereza kikikutatiza, omba mkalimani mapema, na usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kikao chake mwenyewe. Unaweza kwenda na ndugu au rafiki akuandikie. Kila eneo la halmashauri lina huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi, ijulikanayo kama SENDIASS.

Kwa walioko Marekani, mpango wa mtoto huitwa IEP. Sheria ya shirikisho inataka upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa yanayosemwa, ikiwemo kumwekea mkalimani.

Na huko Chimala?

Haki ipo nyumbani Tanzania pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na nchi ikaweka Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Kinachotofautiana ni kwamba mara nyingi kikao cha kumjadili mtoto mmoja hakiji chenyewe. Mzazi ndiye anayekiomba.

Aanze kwa mwalimu wa darasa na Mwalimu Mkuu. Jambo likikwama, amwone Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, makao yake yakiwa Rujewa. Mtoto anayeshukiwa kutoona au kutosikia vizuri apelekwe hospitali akapimwe; rufaa kubwa za ukanda huu huenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Majibu ya vipimo yapelekwe shuleni, yasiishie kwenye mfuko wa dawa. Kila muhula mzazi na mwalimu wakae, waandike katika daftari moja walichokubaliana, na muhula unaofuata waanzie hapo. Ikiwa ni msimu wa kupandikiza mpunga na mzazi yuko mashambani Usangu, siku ipangwe mapema, au aende bibi au shangazi anayekaa na mtoto.

Ninyi mnaotuma fedha za sare na madaftari mna sauti pia. Mkipiga simu, msiishie kuuliza amekuwa wa ngapi. Ulizeni mwalimu amekubali kufanya nini muhula huu, na kama kikao kitafanyika, ombeni simu iwekwe sauti kubwa nanyi msikilize na mchangie. Na pale ambapo mtoto bado anafichwa nyumbani kwa aibu, neno la ndugu aliye mbali huwa na uzito. Litumieni.

Kabla ya kikao kijacho, andika mambo matatu: mtoto anaweza nini, anashindwa nini, na unataka nini kibadilike. Nenda nayo, yaseme, na usiondoke mpaka yameandikwa.