Udongo wa Magadi: Jua Ngazi ya Ziwa Unayolima

Mkulima aliyepata ploti karibu na maziwa ya Bonde la Ufa huenda akaona jambo la kushangaza katika shamba lake. Upande wa juu mahindi yasimama vizuri, nayo majani ni ya kijani kibichi. Akiteremka hatua mia mbili hivi, mbegu ile ile aliyoipanda siku ile ile imetoa mimea mifupi ya manjano. Akiteremka zaidi, hakuna kitu ila ardhi ngumu yenye ungaunga mweupe juu yake. Jirani mmoja atasema shamba limerogwa, na mwingine atamlaumu mwuza mbegu. Lakini sababu hasa ni ziwa, nalo ni ziwa lililoondoka hapo zamani sana.

Mwezi huu twataka kueleza udongo huo ulitoka wapi, namna ya kuutambua bila gharama, na mambo ya kufanya kabla hujamwaga shilingi zako juu yake.

ZIWA LILILOSHUKA NGAZI

Karibu miaka 10,000 iliyopita nchi hii ilipata mvua nyingi kuliko sasa. Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita, ambayo leo ni maziwa mawili yasiyo na kina kirefu, yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalifika zaidi ya mita 150 juu ya usawa wa leo. Ziwa Naivasha nalo lilijaa hata likamwaga maji upande wa kusini kwa njia ya korongo la Njorowa, mahali paitwapo Hell's Gate. Huko kaskazini Ziwa Turkana lilifurika, maji yake yakaenda kuungana na Mto Nile. Hata jangwa la Chalbi katika Marsabit, ambalo leo ni uwanda mkavu wa chumvi, lilikuwa ziwa.

Kisha mvua zikapungua. Maziwa hayo hayakukauka kwa siku moja. Yalishuka, yakatulia kwa muda, yakashuka tena. Kila yalipotulia, mawimbi yalikata ukingo na kuacha mchanga na changarawe, na udongo laini ukatua chini ya maji. Ndiyo sababu ukitazama mbavu za vilima kando ya maziwa haya waona ngazi ngazi, kana kwamba jitu fulani lilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko.

Na magadi je, yalitoka wapi? Mawe ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na mengi yao yana sodiamu kwa wingi. Mvua huyayeyusha kidogo kidogo, na mito hupeleka sodiamu hiyo ziwani. Ziwa lenye njia ya kutokea hutoa chumvi yake. Ziwa Naivasha, kwa mfano, leo halina mto utokao, lakini maji yake hupenya chini ya ardhi, na kwa hiyo yamebaki matamu. Bali ziwa lisilo na njia kabisa ni kama sufuria iliyo jikoni: maji yapaa hewani, chumvi yabaki, na mchuzi wazidi kuwa mkali. Katika Ziwa Magadi mchuzi huo umeganda hata ukawa mwamba mweupe, unaochimbwa kwa biashara kwa zaidi ya miaka 100.

Shika sana neno hili. Ngazi ya juu iliachwa na ziwa wakati maji yalipokuwa bado matamu, na tangu hapo mvua imeiosha miaka elfu nyingi. Ngazi ya chini iliachwa na maji makali, na kila msimu hupokea chumvi itokayo juu. Mpaka wa ploti hupigwa kwa kamba iliyonyooka, lakini udongo haufuati kamba. Shamba la ekari chache tu laweza kuwa na ngazi mbili au tatu.

WEUPE WA AINA TATU

Si kila udongo mweupe ni mbaya. Katika nchi ya maziwa ya kale kuna weupe wa aina tatu, na yafaa uzipambanue.

Wa kwanza ni jiwe jepesi kama chaki, lisilo na ladha wala haliyeyuki majini. Hilo ni magamba ya mimea midogo sana iliyoishi majini. Huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, nalo ni la maziwa ya kale zaidi. Halina sumu kwa mimea, ila halina chakula.

Wa pili ni chokaa ya asili, ambayo hukaa chini ya udongo kama vidonge au kama sakafu ngumu. Idondoshee maji ya ndimu au siki, itatoa povu.

Wa tatu ndio adui: unga unaotokea juu ya ardhi mvua ikiisha, wenye ladha ya chumvi au ya magadi ya kupikia maharagwe, ambao ng'ombe hupenda kuulamba. Ukinyesha, hutoweka, jua likiwaka, hurudi.

Tena mahali pengine hapawi peupe bali peusi, kana kwamba pamemwagwa oili chafu. Usidhani weusi huo ni rutuba. Magadi makali huyeyusha mboji ya udongo, ikapanda na maji na kukaukia juu. Weusi wa namna hiyo ni dalili mbaya kuliko weupe.

KWA NINI MIMEA YASHINDWA

Katika udongo mzuri, kalsiamu hushikanisha chembe vikundi vikundi, kama punje za mtama katika suke. Katikati ya vikundi hivyo hupita maji, hewa na mizizi. Sodiamu ikizidi humfukuza kalsiamu, na kila chembe hujitenga na mwenziwe. Mvua ikinyesha, chembe huenea kama unga katika uji na kuziba kila tundu. Maji yasimama juu siku nyingi, lakini ukichimba futi moja wakuta pakavu. Jua likiwaka, udongo wawa mgumu kama tofali na kupasuka.

Shida ya pili ni ya chakula. Ukali wa udongo hupimwa kwa pH, kipimo kiendacho 0 mpaka 14, na 7 ni katikati. Mahindi na maharagwe hupendelea 6 mpaka 7 hivi. Udongo wenye sodiamu nyingi hupita 8.5. Hapo chuma, zinki na fosfati huwemo udongoni, lakini zimefungwa, mizizi haiwezi kuzichukua. Kwa hiyo majani machanga huwa manjano katikati ya mishipa, ingawa umetia mbolea.

JARIBIO LA GILASI

Fanya jaribio hili nyumbani, wala halina gharama. Chukua vibonge vikavu vya udongo, ukubwa wa harage, kutoka upande wa juu wa shamba, wa katikati na wa chini. Weka kila kibonge katika gilasi yake yenye maji safi ya mvua. Usitumie maji ya kisima, kwa maana chumvi yake yaweza kukudanganya. Usikoroge. Ngoja saa kadhaa, kisha tazama. Kibonge kikimomonyoka na maji yakabaki maangavu, si neno. Maji yakifanya ukungu kama maziwa na kubaki hivyo, sodiamu imezidi.

Jaribio hili lakuonyesha mahali pa ugonjwa tu. Kipimo chake hutoka maabara. Chimba udongo wa kina cha sentimita 20 mahali 10 au zaidi katika kila ngazi, uchanganye katika ndoo safi, utoe nusu kilo. Usichanganye ngazi mbili katika mfuko mmoja! Ofisa wa kilimo wa kwenu atakueleza njia ya kuupeleka, kwa mfano maabara ya KALRO kule Kabete.

MAMBO MATATU YALIYO HASARA

La kwanza ni kutia chokaa. Ndugu yako aliye katika nchi ya juu yenye udongo mchachu hutia chokaa akavuna zaidi, nawe waona heri umfuate. Lakini chokaa ni dawa ya uchachu, na udongo wako una ugonjwa wa kinyume.

La pili ni kunyunyiza urea juu ya ardhi. Katika udongo wa magadi, sehemu ya nguvu zake hugeuka hewa na kupotea. Ukiitumia, ifukie. Salfeti ya amonia yafaa zaidi, maana huongeza uchachu kidogo.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kumwagilia maji bila mtaro wa kuyatoa. Twaweza kujifunza kwa watu wa Utah, Marekani, ambako Ziwa Bonneville la kale lilikauka, likaacha ngazi vilimani na ziwa la chumvi nyingi chini. Wahamiaji walioanza kulima huko mwaka 1847 walichimba mifereji, na ngazi za juu zikazaa sana. Lakini maji yaliyozidi yalipenya na kutokea katika nchi ya chini, yakainua chumvi, na mashamba mengine yakaharibika mpaka yalipochimbiwa mitaro. Basi mfereji wa mtu wa juu waweza kuharibu shamba la mtu wa chini. Mambo haya yafaa kuzungumzwa katika mkutano wa wakulima kabla mfereji haujachimbwa.

Maji ya kisima au ya bomba la kuchimbwa pia yapimwe kwanza. Mengine katika Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi, na mengine yana floraidi iharibuyo meno ya watoto.

LA KUFANYA

Ngazi ya juu: lima mahindi, maharagwe na mboga, utie samadi kila mwaka. Hapa ndipo mahali pa kutumia fedha zako.

Ngazi ya kati: epuka maharagwe, karoti na vitunguu, maana huumizwa upesi na chumvi. Shayiri na mtama huvumilia zaidi. Ukipanda juu ya matuta kwa kumwagilia, weka mbegu ubavuni mwa tuta, kwa sababu chumvi hukusanyika kileleni. Tandaza majani makavu, ili jua lisivute chumvi juu.

Ngazi ya chini: panda nyasi za boma rhodes, usilishe mpaka zimeshika. Ng'ombe wa maziwa atakulipa mahali ambapo mahindi hayakukulipa. Usiingize ng'ombe udongo ukiwa umelowa, maana kwato huuziba kabisa.

Je, udongo huu waweza kuponywa? Waweza. Dawa yake ni jasi, ile itumikayo katika viwanda vya saruji. Kalsiamu yake huingia na kuifukuza sodiamu, kisha maji huiosha. Lakini fuata utaratibu: kwanza mtaro, pili jasi kwa kipimo cha maabara, tatu maji. Ukianza kwa maji, udongo utaziba. Ukikosa mtaro, sodiamu haina pa kwenda. Tena piga hesabu. Pengine gharama ya kuponya ekari moja ya chini yatosha kuboresha ekari kadhaa za juu.

Na wewe uliye ukingoni kabisa, kumbuka kwamba tangu karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika mashamba na nyumba nyingi. Ziwa la magadi likirudi nyuma, litaacha ngazi mpya yenye chumvi. Pima kwanza, ndipo ulime.

Msimu huu, kabla ya kukopa fedha za mbegu na mbolea, shika jembe na vibonge vyako vitatu, utembee shamba lako kutoka juu hadi chini. Piga vigingi mahali udongo unapobadilika. Vigingi hivyo, wala si kamba ya mpaka, ndivyo vitakavyokuonyesha pa kupanda mahindi na pa kuwaachia ng'ombe.