Bosi, bakapu iko wapi?

Najua umezoea nikikuletea mambo ya mapenzi na mitoko, lakini wiki hii nasema na wewe unayefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Siku mafaili yakipotea, bosi hatamwita fundi peke yake. Na wewe utaitwa.

Hebu sikia kasheshe hii. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kiliivamia Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Seva zinazotambua nani ni nani kwenye mtandao wao zilikuwa nyingi, kila moja ikitegemewa kuwa nakala ya mwenzake. Zikafutwa kwa mpigo! Ikapona moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu huko umeme ulikuwa umekatika. Hata hivyo, walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Wewe je, utasubiri umeme ukate? Ofisi nyingi za mjini ninazozijua, kila mtu ana flashi yake mfukoni. Huyu anahifadhi Ijumaa, yule mpaka akumbuke. Hiyo siyo bakapu, ni bahati nasibu. Dawa ni programu moja inayokaa kwenye seva na kukusanya mafaili ya kila kompyuta usiku, bila kumbembeleza mtu.

Zipo nyingi. Bacula ni ya bure, ila inataka fundi aliyetulia. Veeam inauzwa, ingawa ina toleo la bure lenye mipaka. Lakini usidanganyike na bei wala maneno matamu ya muuzaji. Mbane kwa maswali haya.

Kwanza, baada ya nakala ya mwanzo, inachukua yaliyobadilika tu? Piga hesabu: kompyuta 20, kila moja gigabaiti 50, jumla gigabaiti 1,000. Kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, kuzikusanya zote ni zaidi ya saa 22. Kazi mtafanya saa ngapi?

Pili, inaweza kunakili mahesabu wakati mhasibu bado ameyafungua? Tatu, ikigoma usiku, nani anapewa taarifa asubuhi? Nne, nakala moja itakaa nje ya jengo, mbali na mtandao, ambako moto, mwizi na kirusi hawafiki? Wataalamu wanasema nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje.

La tano ndilo kiboko. Mwambie: "Nirudishie faili la jana, sasa hivi, nikiona." Akianza kujiumauma, mwache aende zake. Januari 31, 2017 mtaalamu wa kampuni ya GitLab alifuta data kwa bahati mbaya. Njia za bakapu walikuwa nazo tano, lakini hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotakiwa! Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla. Kuwa na bakapu ni jambo moja, kuirudisha ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo Jumatatu ukifika ofisini, kabla ya chai na stori za mpira, omba faili moja la mwezi uliopita lirudishwe. Likija, hongera zenu. Lisipokuja, bora mmejua leo kabla mambo hayajaharibika. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na mapenzi yatarudi ukurasani!