Kwa Nini Mfanyakazi Asome Uongozi wa Biashara



Wengi wenu mmeniuliza, hasa ndugu wa Busia na wale wa saruji kule Tororo, kama inafaa mfanyakazi atoe pesa zake kusomea uongozi wa biashara katika vyuo vidogo vya huku mpakani. Wengine husema masomo hayo ni ya mameneja. Mimi nasema yanafaa, na sababu yangu niliipata kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ujumbe uliokwenda kujadili mishahara katika kiwanda kimoja cha huku magharibi. Tulidai nyongeza. Meneja hakubishana nasi. Alifungua faili, akatoa karatasi moja, akasema, "Mabwana, someni wenyewe. Mwaka huu tumepata hasara." Tulikuwa watu watano. Karatasi ilizunguka meza, kila mmoja akaitazama kidogo kwa heshima, kisha akampa mwenzake. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi niliishia darasa la nane. Niliona tarakimu tu. Tukakubali nyongeza ndogo sana, tukarudi kuwaambia wanachama kwamba kampuni haina pesa. Mama mmoja wa idara ya kufunga mizigo akaniuliza, "Kama hawana pesa, yale malori mawili mapya yametoka wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nikaenda chuoni. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na masomo yalikuwa jioni. Sikuwa na cheti cha sekondari, kwa hiyo nililipia somo moja tu, la utunzaji wa hesabu, kwa miezi sita. Darasani alikuwamo mlinzi wa usiku, muuza mitumba, na vijana waliotoka shule juzi. Mwalimu alitoka ng'ambo, akipiga hesabu kwa shilingi za Uganda kisha akizigeuza kuwa za Kenya, na sisi tukikosea kila mara.

Uongozi wa biashara una masomo mengi: sheria za biashara, uchumi, uuzaji, usimamizi wa wafanyakazi. Yote ni mazuri, lakini kwa mwanachama anayetaka kukaa mezani na mwajiri, hesabu ndiyo kwanza. Msingi wake ni huu: kila shilingi huandikwa mara mbili, mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda. Mama wa chai akichukua gunia la sukari kwa deni, upande mmoja ana sukari, upande wa pili ana deni. Pande mbili zisipolingana, kuna kosa, au kuna mtu. Wafanyabiashara wa Italia walifanya hivyo zamani, na mtawa aitwaye Luca Pacioli akayaeleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Si uchawi wa kampuni za leo.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya hasara. Nitatumia tarakimu za mfano tu. Tuseme kiwanda kimeuza mali ya shilingi milioni 30. Malighafi milioni 14, mishahara milioni 8, umeme na mafuta milioni 4, ada ya usimamizi inayolipwa kampuni nyingine milioni 2, na uchakavu wa mitambo milioni 3. Jumla ni milioni 31. Hasara ni milioni 1.

Tazameni huo uchakavu. Mtambo ulinunuliwa kwa milioni 30 na unatarajiwa kufanya kazi miaka 10, basi kila mwaka huandikwa milioni 3. Lakini mwaka huu hakuna mtu aliyelipwa hizo milioni 3. Pesa zilizotoka kweli ni milioni 28, na milioni 2 zimebaki. Hasara ya karatasini haina maana kwamba sanduku ni tupu. Msiende mkasema uchakavu ni uongo! Mtambo utakufa siku moja, na asiyeuwekea akiba atafunga kiwanda, nasi tutakwenda nyumbani. Swali la kuuliza ni kama mtambo wa miaka 20 umeandikwa kama wa miaka 10. Na ile ada ya milioni 2, mwenye kampuni inayolipwa ni nani? Mara nyingine ni mwajiri yule yule mwenye kofia nyingine.

Kwa upande wa Kenya, sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kijadili sawasawa. Sheria ni nzuri, lakini ukipewa jalada zima usilolijua kusoma, umepewa kuni.

Majadiliano yaliyofuata niliuliza maswali mawili tu, la uchakavu na la ada. Meneja akamwita mhasibu, na mkutano ukaahirishwa wiki moja. Yule mama alipata jibu lake: malori yalikuwa ya kampuni dada, na kiwanda chetu kililipa kodi ya kuyatumia. Nyongeza ya pili haikuwa kubwa, lakini ilizidi ya kwanza.

Jambo la mwisho ni chuo chenyewe. Udogo si kosa. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi na wawili anakujua kwa jina. Uliza mtihani ni wa nani. Kenya, chuo cha ufundi na biashara kinatakiwa kiwe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2013, na KASNEB, inayotoa mitihani ya uhasibu, imekuwapo tangu 1969. Kule Tororo kuna Chuo cha Ushirika cha serikali. Anayetaka diploma huku Kenya huhitaji alama ya C- katika mtihani wa sekondari. Kijana mmoja ninayemfahamu alilipa karo miaka miwili, siku ya mtihani jina lake halikuwamo, chuo hakikumsajili. Kwa hiyo dai risiti ya karo na karatasi ya usajili wa mtihani, zote mbili. Kama huna hakika, usilipe bado. Lete barua ya chuo ofisini kwetu Jumamosi asubuhi, tuisome pamoja.