Mzazi Mzee Anapohama: Ankara za Nyumba Anayoiacha

Amri ya Nne ya Mungu yatudai kuwaheshimu wazazi, na heshima hiyo hugusa hata ankara. Mzazi mzee anapohamia kwa mwanawe, nyumba anayoiacha huendelea kudaiwa.

Kwanza, umeme. Tangu mwaka 2021, kodi ya jengo nchini Tanzania hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Miezi ikipita bila kununua, kodi hulimbikizwa, na mpangaji atakayeingia hukuta deni lisilo lake. Ni vema mzazi na watoto walimalize kwanza.

Pili, maji. Siku ya kuhama, someni mita, andikeni tarakimu zake, fungeni koki kuu, na kuiarifu mamlaka ya maji kwa maandishi. Bomba likivuja katika nyumba tupu, maji yanayopotea huingia katika ankara.

Tatu, fedha. Mzazi akilipa kwa simu, aingize mwenyewe namba yake ya siri. Stakabadhi zitunzwe pamoja, watoto wote wazione, ili shaka isiwagawe ndugu.

Lakini kabla ya kusitisha huduma yoyote, mzazi aulizwe. Kuhama hakumwondolei haki ya kuamua juu ya mali yake.