"Borrow" na "lend": nani anadaiwa?

"Borrow" na "lend" ni vitenzi viwili vya Kiingereza vinavyoeleza jambo moja kutoka pande mbili: kitu au fedha hutoka kwa mwenyewe kwenda kwa mwingine, kwa ahadi ya kurudishwa. Anayepokea hutajwa kwa "borrow", yaani kukopa au kuazima. Anayetoa hutajwa kwa "lend", yaani kukopesha.

Kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, tofauti hiyo ina uzito. Bidhaa nyingi huwafikia kupitia mpaka wa Kasindi, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, Kiingereza ndicho lugha ya hati na risiti. Ujumbe usemao "I borrowed Kambale 500 dollars" unamwacha msomaji njia panda: mwandishi anamdai Kambale, au Kambale ndiye anayemdai yeye?

Kosa hilo lina chanzo chake. Kiswahili hupata vitenzi vyote viwili kwenye mzizi mmoja: kopa ikiongezwa kiambishi inakuwa kopesha. Anayetaka kusema "nikopeshe" hudhani kwamba "borrow" nayo itageuka vivyo hivyo, akasema "borrow me". Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, bali hubadilisha neno zima: "lend me".

Ugumu wa pili uko kwenye vihusishi. Kifaransa, lugha ya masomo ya sekondari nchini Kongo, hutumia "à" kwa wote wawili: "emprunter à" kwa anayekopa na "prêter à" kwa anayekopesha. Kiingereza huwatenganisha. "Borrow" hufuatwa na "from", na "lend" hufuatwa na "to":

"Masika borrowed 50 dollars from Kambale." Masika alikopa dola 50 kwa Kambale.

"Kambale lent 50 dollars to Masika." Kambale alimkopesha Masika dola 50.

"Lend" huweza pia kumtaja mpokeaji moja kwa moja, bila "to": "Kambale lent Masika 50 dollars." "Borrow" haina ruhusa hiyo. Ndiyo maana "Masika was lent 50 dollars" ni sahihi, maana yake Masika alikopeshwa. Lakini "Masika was borrowed" ingemaanisha kwamba Masika mwenyewe ndiye aliyeazimwa.

Katika wakati uliopita, "borrow" hufuata kanuni na kuwa "borrowed", wakati "lend" hubadilika kuwa "lent". Jina la mkopo wenyewe ni "loan", na Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi badala ya "lend", hasa kwa fedha.

Vitenzi hivi viwili hutumika kwa fedha, hata zenye riba, na kwa vitu kama kitabu, jembe au pikipiki. Nyumba au duka la kulipiwa kila mwezi haliingii humo; hapo Kiingereza hutumia "rent", ambayo, kama "louer" ya Kifaransa, humhusu mpangaji na mwenye nyumba pia.